Kundi la wasomaji lililokwama kwenye Nagona: uchambuzi wa kisa cha Dodoma

Kundi ninalolizungumzia lilikuwa limechangamka vizuri mpaka siku lilipofungua Nagona, kitabu cha Euphrase Kezilahabi. Hukutana Jumamosi alasiri kwenye baraza ya nyumba ya nesi mmoja, mtaa wa Chang'ombe, Dodoma. Yumo mwalimu mstaafu wa Kiswahili, yumo katekista, yumo mtumishi wa wizara aliyehama Dar es Salaam serikali ilipohamia huku, kijana anayesoma hesabu Chuo Kikuu cha Dodoma, fundi cherehani, mama mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, na wengine wanaokuja wiki hii na kukosa ijayo. Mimi ni katibu. Ninayoyaeleza nimeyatoa kwenye daftari la kundi kwa ruhusa yao, na majina nimeyaacha.

Kabla ya hapo walikuwa wamesoma Gamba la Nyoka ya mwandishi huyo huyo, iliyotoka mwaka 1979. Riwaya ile inahusu watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, na kwa Dodoma hayo si mambo ya vitabuni. Operesheni Dodoma ilikuwa mwaka 1971, na mama wa Hombolo alikuwa binti mdogo wakati huo. Anakumbuka vyungu vikipakiwa kwenye lori na bibi yake akikataa kupanda mpaka kinu chake kipakiwe kwanza. Alipomaliza kusimulia, hakuna aliyetaka kuondoka. Kikao kiliendelea hadi giza likaingia. Kwa hiyo kijana wa hesabu aliposema tuendelee na mwandishi huyu huyu, wote walikubali. Nagona yenyewe ni kijitabu, haifiki kurasa mia moja. Mtumishi alikipima kwa vidole akasema, "Hiki wiki mbili nyingi."

Baada ya vikao vichache kundi lilikuwa limebaki nusu. Miezi miwili ilipokwisha tulikuwa watu sita, na mmoja kati yao alikuwa mwenye nyumba.

Kwa asiyekifahamu kitabu hiki: kilichapwa na Dar es Salaam University Press mwaka 1990, na Mzingile ikafuata mwaka 1991. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na kufikia hapo alikuwa na jina kubwa kwa riwaya ambazo mtu anaweza kumsimulia mwenzake njiani: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Nagona haisimuliki hivyo. Msimulizi ni "mimi" tu. Yuko safarini. Anapita mahali penye ukimya wa mauti, anakuta watu waliozama kwenye kusoma, yupo paa anayetokea na kupotea, wapo wazee wenye majibu yasiyojibu, wametajwa akina Plato, Hegel, Darwin, Marx, Nietzsche na Freud, kisha inakuja ngoma kuu. Huambiwi ni mkoa gani wala mwaka gani. Wahakiki wenyewe wamejiuliza kama waiite riwaya, ngano au mfano.

Ukiwauliza waliotoka kundini kwa nini walitoka, jibu ni moja: kitabu kigumu. Jibu hilo sikubaliani nalo, na sababu zangu zimo kwenye daftari.

Nianze na lililo jepesi. Mama wa Hombolo na jirani zake wawili hawakukimbia kitabu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na vikao vile viliangukia mavuno ya Agosti na Septemba. Huwezi kuacha zabibu zikianguka shambani kwa sababu ya Hegel. Tungewahesabu hao kama walioshindwa na kitabu, tungejidanganya. Kundi lolote la kusoma katika mkoa wa wakulima lijue kalenda ya shamba kabla ya kujilaumu.

Waliobaki ndio kisa chenyewe.

Nakala zilikuwa mbili. Moja ya Mwalimu, ya zamani, jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi. Nyingine kijana wa hesabu aliiazima. Madukani hatukuipata. Mwalimu, kwa moyo mzuri kabisa, akaona watu wasikae bure. Akaandaa kitini cha kurasa nane na kumtolea kila mtu kopi kwa fedha zake mwenyewe. Kitini kilipangwa kama kila aliyesoma sekondari Tanzania anavyokijua: upande wa maudhui kuna dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na mtazamo, upande wa fani kuna muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Watu walifurahi. Waliondoka na kitini, wakarudi wamekisoma. Kitabu walikuwa hawajakiona.

Nanukuu daftari la kikao kimoja cha kipindi hicho. Mwalimu: "Muundo?" Mtumishi: "Rukia." Mwalimu: "Sahihi. Mtazamo?" Katekista: "Wa kidhanifu." Mwalimu: "Sahihi. Falsafa?" Kimya. Kisha kijana wa hesabu, ambaye alikuwa na nakala na alikuwa ameisoma kweli, akasema: "Mwalimu, mimi sijajua hata huyu mtu anakwenda wapi." Mwalimu akamjibu kwa upole: "Anatafuta ukweli, mwanangu. Hiyo ndiyo dhamira ya kwanza. Utafutaji wa ukweli. Andikeni." Tukaandika.

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi. Halina kosa. Yeyote aliyeandika juu ya Nagona atakuambia kuwa ni safari ya kutafuta ukweli na kwamba yule paa anahusiana na ukweli huo. Lakini angalia lilichofanya. Kijana alikuwa ameleta jambo la thamani kuliko yote yaliyoletwa siku hiyo, yaani kuchanganyikiwa kwa mtu aliyesoma. Amesimama mahali ambapo mwandishi alitaka msomaji asimame. Jibu lilimwondoa pale kwa sentensi moja na kumpa kitu cha kuandika. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kitu, maana kama jibu tunalo, kurasa sitini na kitu zimebaki za nini?

Kikao kilichofuata tulifika penye yale majina ya wanafalsafa. Fundi cherehani aliuliza, "Hawa nao ni akina nani?" Swali zuri, fupi. Mwalimu alianza na Plato na jua likazama akiwa kwa Hegel. Alieleza vizuri, sitaki kumpunja. Ila nilipoinua macho fundi alikuwa anakunja kitini chake mikunjo midogo midogo, kwa ustadi wa mtu wa nguo, mpaka kikawa ukanda. Akakiweka mfukoni, akaaga kwamba anawahi daladala. Hakurudi tena hadi leo ninapoandika. Nimepita kwake kumsalimia; hana kinyongo na mtu. Alisema tu, "Kile kilikuwa kitabu cha wenyewe."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu Nagona imeandikwa kwa Kiswahili ambacho fundi yule anakisema kila siku. Hapo ndipo wengi hawapaangalii. Tunaposema kitabu kigumu huwa tunadhani kina maneno magumu. Sentensi za Nagona, ukizichukua moja moja, ni nyepesi na nyingi ni fupi. Mtoto wa darasa la saba atazielewa. Ugumu umo kwenye maungio: kwa nini baada ya hili likaja lile, nani anasema sasa, tumetoka wapi. Kitini hakigusi maungio kabisa. Kinachukua kitabu, kinakivunja vipande, kinavipanga kwenye vikapu vya dhamira na wahusika. Kwa Rosa Mistika njia hiyo haiui kitu, kwa sababu Rosa ana baba, ana shule, ana mwanzo na mwisho, na vipande ukivirudisha vinashikana. Nagona ukiivunja hivyo, ulichokivunja ndicho kilichokuwa kitabu.

Mabadiliko yaliletwa na mwenye nyumba, nesi, ambaye kwa vikao vyote alikuwa amesema machache kuliko sote. Tulikuwa sita. Alimimina chai, akasubiri Mwalimu anywe, ndipo akasema: "Mwalimu, naomba nikuombe kitu, na usinielewe vibaya. Leo tuweke hizi karatasi pembeni, utusomee tu. Wengine hatujawahi kukisikia chenyewe."

Mwalimu alikaa kidogo. Naamini ilimgusa, kitini kile kilikuwa kazi ya usiku wake. Lakini alichukua miwani, akafungua mwanzo kabisa, akasoma.

Na hapo tukagundua kitu ambacho vikao vyote vya nyuma vilikuwa vimekificha: Mwalimu ni msomaji wa sauti wa hali ya juu. Hakimbii. Penye nukta anasimama kweli. Mtu anaposema kitabuni, sauti yake hubadilika kidogo tu, kiasi cha kujua kwamba amekuja mwingine. Maungio yale yaliyotushinda kwenye karatasi yalianza kusikika, kwa sababu mtu anayesoma kwa sauti analazimika kuamua pa kupumua. Upepo wa Dodoma wa msimu ule unavuma alasiri nzima na vumbi lake. Kitini cha mtu kilipeperuka kikaenda kwenye michongoma ya jirani na hakuna aliyeinuka kukifuata. Alisoma mpaka sura ikaisha.

Nesi hakuuliza maana yake nini. Aliuliza, "Mmeona nini?" Katekista akasema ameona mahali ambapo hata mbwa hawabweki. Kijana akasema ameona mtu anayefika penye watu na kubaki peke yake. Mtumishi akasema hajaona kitu ila amesikia mwendo wa miguu. Niliandika yote. Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari kwa wiki nyingi usio na neno dhamira.

Tangu siku hiyo utaratibu ukawa huo: sauti kwanza, kisha tulichokiona, kisha maswali. Habari ilisambaa mtaani, na zabibu zilipokwisha mama wa Hombolo akarudi. Tukamsomea penye paa. Alicheka. Akasema alipokuwa anachunga mbuzi utotoni, yeye na kaka zake walikuwa wakifukuza digidigi. "Digidigi ana eneo lake. Unamkimbiza, anakwenda, unadhani umempoteza. Anazunguka. Ukikaa utamwona amerudi pale pale ulipomtoa, anakuangalia. Huyu mtu wenu anakimbia sana." Kijana wa hesabu akarudi nyuma kwenye kurasa, akaanza kuhesabu ni mara ngapi safari inarudi ilipokwisha pita. Jioni ile tulizungumza juu ya mzunguko kwa muda mrefu kuliko jambo lolote katika kitabu hiki, na nina hakika kuwa mazungumzo yale yalikuwa uhakiki. Wataalamu wameandika kurasa nyingi juu ya duara katika kazi hizi za Kezilahabi. Sisi tulifika huko kupitia mbuzi wa Hombolo, na tulifika wenyewe.

Mtumishi ndiye aliyeuliza swali ambalo lazima liulizwe: "Kwa hiyo kila mtu aseme analotaka, na yote ni sawa?" Hapana. Utaratibu ulipata sharti la pili, nalo lilitoka kwake mwenyewe bila kukusudia. Yeye alikuwa na usomaji wake: kitabu kimetoka mwaka 1990, ujamaa unaanguka, Marx yumo humo kati ya waliotajwa, basi ule mji mkimya ni nchi iliyoishiwa na itikadi. Mama wa Hombolo akamwambia, "Onyesha." Tu. Hakuonyesha siku ile. Wiki iliyofuata alikuja na vipande vitano vya karatasi vimechomekwa kwenye nakala ya Mwalimu, akavisoma kimoja kimoja. Viwili vilitushawishi, vitatu havikutushawishi, na ubishi ulikuwa mkali. Tangu hapo mtu akisema jambo, wengine wanadai: onyesha mahali. Katekista alikuwa na usomaji wa ukombozi na maungamo ambao mwanzoni ulionekana kumeza kitabu kizima. Alipodaiwa kuonyesha, aliupunguza mwenyewe mpaka ukabaki mdogo lakini imara.

Isieleweke kwamba elimu ya Mwalimu haikuwa na kazi. Bila yeye tusingemaliza. Kilichobadilika ni wakati. Katekista alipofika kwa Nietzsche mara ya pili, alikuwa na swali la mtu aliyekosa usingizi: huyu ndiye aliyesema Mungu amekufa, kwa nini mwandishi aliyekulia kwenye dini amempa nafasi humu? Mwalimu akajibu kwa dakika chache. Alieleza Nietzsche alikuwa anawasema akina nani, kisha akataja jambo ambalo halikuwamo kwenye kitini: Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, na ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Kumbe! Mtu aliyetumia miaka akifikiri juu ya namna kazi zinavyofasiriwa, miaka mitano baadaye anatuletea kitabu kinachokataa kufasiriwa haraka. Katekista aliandika mwaka ule kwenye kiganja. Habari ile ile, ingetolewa kikao cha kwanza, ingekuwa mstari mwingine wa kukariri.

Penye ngoma kuu, kuelekea mwisho, tulikwama kwa njia nyingine. Tulikuwa tumezoea kuona, na hapa vinavyoonekana ni vingi mno kwa pamoja. Kijana alijaribu kuchora mchoro. Haukusaidia. Aliyesaidia alikuwa mama wa Hombolo, ambaye ni Mgogo na amepiga muheme tangu usichana. Muheme ni ngoma ya wanawake. Unaishika ngoma kati ya mapaja, na ina historia yake katika kuwatia wasichana utu uzima. Alitueleza kwamba anayetazama kutoka nje anaona vumbi na miguu, hajui nani anaongoza. Aliye ndani hamtafuti kiongozi kwa macho. Anasikia ngoma ndogo na kubwa zinavyoitikiana, na anajua zamu yake imefika kabla hajaitwa. Akapiga kwa viganja kwenye ndoo ya plastiki iliyogeuzwa, akamwambia nesi aitikie. Kisha akasema: "Sasa soma tena." Mwalimu akasoma tena, na safari hii hakuna aliyeuliza nani ni nani. Sisemi kwamba Kezilahabi, Mkerewe wa ziwani, aliandika muheme. Nasema kwamba mtu aliyewahi kuwa ndani ya ngoma ana njia ya kuingia penye sura ile ambayo shahada haimpi mtu, na kundi letu lilikuwa limekaribia kumpoteza mtu huyo.

Hapa niseme ninaloliamini waziwazi. Nagona ni moja ya kazi kubwa zilizoandikwa kwa lugha yetu, na inakufa mikononi mwa watu wanaoipenda. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Watu waliandika rambirambi nyingi, za haki, na nyingi zilitaja Rosa Mistika na Kichomi, ile diwani ya 1974 iliyowasha mgogoro wa mashairi huru. Nagona na Mzingile zilitajwa kwa heshima, kama vitu vya wataalamu. Heshima ya namna hiyo inafungia kitabu kabatini. Na walimu wenye moyo kama wetu, wanapotanguliza majibu kwa nia ya kusaidia, wanazidisha kufuli.

Njia tuliyoipata ina gharama zake. Ni ya polepole sana. Kijitabu cha wiki mbili kimetuchukua zaidi ya nusu mwaka. Inategemea msomaji mzuri wa sauti, na kundi lisilo na mtu kama Mwalimu litahangaika. Inawachosha wanaotaka kumaliza. Mtumishi, ambaye hakukosa kikao hata kimoja tangu tuanze upya, bado anashikilia kwamba kitabu kina majivuno, kwamba mwandishi angeweza kusema aliyoyasema kwa njia ya Gamba la Nyoka na wengi zaidi wakamsikia. Nesi anamjibu kwamba yale hayasemeki kwa njia ile. Wamebishana hivyo mara nyingi na sioni mmoja akimgeuza mwenzake. Wenzetu watatu waliotoka mwanzoni wamekataa kurudi.

Sasa kundi limeamua kusoma Mzingile, na uamuzi haukuwa rahisi. Humo msimulizi anatumwa kumpelekea mzee mmoja habari za kifo, na wasomaji wengi wanamwona mzee huyo kuwa Mungu. Katekista ameomba jambo moja: zamu ya kusoma sura ile iwe yake, asisomewe na mtu mwingine. Amekubaliwa. Nakala bado ni mbili. Mwalimu ameahidi kukaa na maelezo yake mpaka mtu amwombe kwa jina, na mama wa Hombolo ameomba tumalize kabla mavuno yajayo ya zabibu hayajafika. Kuhusu wanachama wapya wanaouliza kama wanaweza kuanza na kitini, hatujaafikiana. Mwalimu mwenyewe anasema wasipewe, nesi anasema wapewe wakishamaliza, na suala limewekwa kwenye ajenda ya Jumamosi ijayo.